CAL 5 kwenye profoma, watumiaji 32: hesabu ya leseni za Windows Server inakwendaje?

stoo_mwanza

Wakuu, habari za kazi. Nina profoma ya seva mpya ambayo lazima ijibiwe wiki hii, na upande wa leseni naona haujakaa sawa. Naomba wanaoijua kazi hii wanisaidie kuisoma.

Kampuni inauza dawa na vifaa tiba kwa jumla. Makao ni Mwanza, matawi ni Geita na Shinyanga. Seva ni moja, ina prosesa moja ya viini 8 na kumbukumbu ya GB 64. Muuzaji ameandika mistari miwili tu ya programu: Windows Server 2022 Standard ya viini 16, na kifurushi cha 5 User CAL (leseni za watu kuitumia seva). Domeini (mfumo wa kusimamia majina na nywila zote mahali pamoja) hatuna, kompyuta zote ziko kwenye workgroup, kila moja inajitegemea.

Watakaoitumia:

– Ofisini watu 9. Wote wanafungua mafolda ya pamoja. Kati yao 5 wana kompyuta ya mezani ofisini na laptopu nyumbani, wanaingia kwa VPN. Wahasibu 2 wana laptopu moja moja wanayotembea nayo.
– Kaunta na ghala: kompyuta 4, watu 14 kwa zamu mbili.
– Matawi: kila tawi kompyuta 2 na watu 3. Hawa wanaingia Mwanza kwa Remote Desktop kutumia programu ya stoo na mauzo. Wale wahasibu 2 nao wanaingia kwa njia hiyo.
– Mawakala wa mauzo 3, wana programu kwenye simu inayosoma salio la stoo kutoka seva na kurudisha oda.

Programu ya stoo inatumia hifadhidata ya SQL Server Express. Kuna pia mashine ya fotokopi inayoskani moja kwa moja kwenye folda ya seva (inatumiwa na watu wa ofisini tu), rekoda ya kamera, na Wi-Fi ya wageni. Zote zinapewa anwani za IP na seva.

Muuzaji anasema 5 zinatosha kwa kuwa "hawawezi kuingia zaidi ya watano kwa mpigo". Nauliza: ni kweli? Namba ya CAL inaingizwa wapi kwenye seva? Na je, Microsoft 365 Business Standard tunayolipia ile ya ofisini haihesabiki?

---

mlinzi_wa_rack

Mkuu, usisaini hiyo profoma. Mstari wa viini uko sawa, mstari wa CAL una upungufu mkubwa, na kuna mstari mzima haupo.

Tuanze na viini kwa kuwa ni vifupi. Tangu Windows Server 2016 leseni inafuata viini vya prosesa. Kiwango cha chini ni viini 8 kwa kila prosesa na 16 kwa kila seva, hata kama chuma chako kina 8 tu. Kwa hiyo 16 ni sahihi. Kuhakiki, fungua PowerShell uandike `Get-CimInstance Win32_Processor | Select NumberOfCores`. Usichukue namba ya NumberOfLogicalProcessors. Hizo ni nyuzi, hazilipiwi. Standard ikishafunika viini vyote inakupa haki ya mashine pepe mbili za Windows Server, mradi ile Windows ya chini haifanyi kazi nyingine zaidi ya kuendesha Hyper-V (programu ya mashine pepe). Haki hiyo unaweza kuihitaji.

Sasa CAL. Hii ni leseni ya kumruhusu mtu au kifaa kutumia huduma za seva: mafolda, printa, kuingia kwa jina na nywila, anwani za IP, hifadhidata iliyoko juu yake. User CAL inamfuata mtu mmoja mwenye jina, atumie vifaa vingapi apendavyo. Device CAL inakaa na kifaa kimoja, waketi mbele yake watu wangapi wawavyo. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayohesabu walioingia kwa wakati mmoja. Hoja ya muuzaji inatoka kwenye hali ya Per Server, ambayo enzi za Windows Server 2003 uliichagua wakati wa kusimika seva. CAL iliyoandikwa User au Device haihesabiwi hivyo, na alichokuuzia kimeandikwa User.

Chukua kundi kwa kundi:

Ofisini, watu 9 wenye vifaa 14. Hapa User CAL, 9. Ukienda kwa vifaa unalipia 5 za ziada bure.

Kaunta na ghala, watu 14 kwenye kompyuta 4. Device CAL, 4. Hili ndilo kundi linaloharibu bajeti za watu, kwa sababu muuzaji akiulizwa anahesabu wafanyakazi badala ya kompyuta. Sharti moja: akitokea msimamizi wa zamu anayefungua ripoti kwenye simu yake, huyo mmoja mpe User CAL yake.

Matawi, watu 6 kwenye kompyuta 4. Device CAL, 4.

Mawakala 3. Hapa wengi wanateleza. Simu haigusi seva moja kwa moja, inaongea na huduma ya kati ambayo ndiyo inayosoma hifadhidata. Sheria ya Microsoft inasema kuweka kitu katikati hakupunguzi idadi ya leseni. Anayehesabiwa ni aliye mwisho wa mnyororo. Kwa hiyo User CAL 3.

Jumla: User 12, Device 8, CAL 20. Ungekwenda User tupu ungelipia 32. Ungekwenda Device tupu ungelipia 25, na bado fotokopi na vifaa vingine vya mtandao vinakudai. Kuchanganya User na Device kwenye seva moja kunaruhusiwa kabisa, ilimradi uwe na kumbukumbu inayoonyesha nani au kipi kimepewa ipi.

Fotokopi: mashine inayoandika kwenye folda ya seva inahesabika kama kifaa kinachotumia seva. Kwako inatumiwa na watu 9 wenye User CAL, basi wamekwisha kuifunika. Siku mtu wa kaunta atakapoanza kuskani, inunulie Device CAL moja.

Rekoda ya kamera na Wi-Fi ya wageni ni rahisi kuondoa kwenye hesabu, na uondoe leo. Kupewa anwani ya IP na DHCP (huduma ya kugawa anwani) ya Windows Server ni kutumia huduma ya seva, kwa hiyo kila simu ya mgeni inayoshika Wi-Fi yako inadai CAL. Hamishia DHCP ya wageni na kamera kwenye rauta, wape VLAN yao (mtandao uliotengwa), na uhakikishe DNS (huduma ya kutafuta anwani za tovuti) wanayopewa ni ya rauta au ya mtoa huduma wa intaneti. Watu huhamisha DHCP wakasahau DNS, na simu za wageni zinaendelea kuiuliza seva.

Kuhusu Microsoft 365: Business Standard haina haki ya CAL ya Windows Server, na Business Premium pia haina. Mipango mikubwa ya E3 na E5 ndiyo inayobeba haki hiyo. Usikubali mtu akwambie "mnalipia 365, seva imeshaingia humo".

SQL Express haidai CAL za SQL. Ila wanaofikia hifadhidata hiyo bado wanafikia Windows Server, na tumeshawahesabu.

---

stoo_mwanza

Shukrani sana mkuu, 20 imeeleweka. Umesema kuna mstari haupo. Na bado sijaelewa namba ya CAL inaingizwa wapi, nimezunguka Server Manager yote kwenye seva ya majaribio sikuona.

---

dada_wa_mitambo

Hutapaona kaka, hapapo. CAL za kawaida za Windows Server haziingizwi popote. Seva haizihesabu, haizikatai, na `slmgr /dli` haitakuonyesha chochote kuzihusu. Ni haki ya kwenye karatasi. Unachohifadhi ni ankara yenye jina kamili la bidhaa na idadi, cheti au kadi iliyokuja na kifurushi, au rekodi ya kwenye akaunti yako ya Microsoft kama umenunua kwa njia hiyo.

Mazoea ya kutafuta pa kuingiza namba yametoka kwa Small Business Server. SBS 2003 ilikuja na CAL 5 ndani, ikawa na ukurasa wa kuongeza nyingine, na kweli ilizihesabu mpaka mwisho wake wa watu au vifaa 75. SBS 2008 haikuzihesabu tena, na SBS 2011 ndiyo ilikuwa ya mwisho katika ukoo huo. Nadhani na ile "5" ya kwenye profoma nyingi ni mabaki ya enzi hizo: muuzaji ana kiolezo cha zamani, anabadilisha mwaka tu.

Jihadhari na kitu kimoja kinachotokana na hili. Mtandaoni wapo wanaouza "key ya User CAL 50" kwa bei ya chakula cha mchana. Kwa CAL za kawaida key hiyo haina pa kuingia, na ukaguzi ukija barua pepe yenye herufi 25 haithibitishi umiliki wa chochote.

Tengeneza jedwali la Excel lenye safu tano: aina ya CAL, toleo lake, jina la mtu au namba ya kifaa, tarehe ya kukabidhiwa, namba ya ankara. Kwa Device CAL tumia namba ya mfululizo iliyochapwa nyuma ya kompyuta. Jina la kompyuta linabadilika kila mtu anaposimika upya, namba ya mfululizo haibadiliki. Mfanyakazi akiacha kazi, User CAL yake unampa mwingine. Kanuni ni kwamba uhamisho wa kudumu hauruhusiwi kabla ya siku 90 tangu ule uliopita. Aliye likizo au kifaa kilicho kwa fundi kinaruhusiwa kuazimisha leseni kwa muda.

Mstari usiokuwepo namwachia mwenzangu, ila nitautaja: ni RDS CAL, yaani CAL ya Remote Desktop Services.

---

mlinzi_wa_rack

Ndiyo, RDS CAL.

Mtu akiingia kwa Remote Desktop kufanya kazi, yaani anafungua programu na kuingiza mauzo akiwa ndani ya seva, anahitaji leseni mbili: CAL ya kawaida ya Windows Server na RDS CAL juu yake. Bila RDS CAL seva inaruhusu vikao viwili tu, na hivyo ni kwa ajili ya usimamizi wa seva yenyewe. Mhasibu anayeingiza vocha hafanyi usimamizi.

Tofauti na CAL za kawaida, hizi zinaingizwa na seva inazihesabu. Na hapa ndipo kuna mtego unaokumba ofisi nyingi: ukisimika Remote Desktop Session Host (seva ya vikao), inafanya kazi siku 120 bila leseni yoyote. Muuzaji anakabidhi, analipwa, anaondoka. Miezi minne baadaye, mara nyingi asubuhi ya siku yenye kazi nyingi, matawi yote yanapata ujumbe kwamba hakuna seva ya leseni ya kuwapa leseni, na hakuna anayeingia. Ukiona mtu anashauri kufuta ufunguo wa GracePeriod kwenye rejista ili siku 120 zianze upya, usimfuate. Ni kutumia programu bila leseni, na ushahidi wake unabaki kwenye seva.

Idadi yako: watu wa matawi 6 na wahasibu 2, jumla 8 kwa User. Kwa Device ni kompyuta 4 za matawi na laptopu 2 za wahasibu, jumla 6. Seva moja ya vikao inakaa kwenye hali moja tu, Per User au Per Device, huwezi kuchanganya kama CAL za kawaida.

Sasa jambo la workgroup. Hali ya Per User inategemea Active Directory (orodha ya watumiaji wa domeini) kujua nani ni nani. Kwenye workgroup, kuanzia Windows Server 2019, ukichagua Per User mtumiaji anaingia halafu anaona onyo kwamba kuna tatizo la leseni na kikao kitakatwa baada ya dakika 60. Kinakatwa kweli, kila saa, hata kama leseni umenunua na kuziingiza. Kwa hiyo bila domeini chaguo lako ni Per Device, 6.

Hatua zenyewe, kwa mpangilio huu:

1. Ongeza role ya Remote Desktop Services, ndani yake Remote Desktop Session Host na Remote Desktop Licensing. Washa seva upya.
2. Fungua `licmgr.exe`. Bofya jina la seva kwa kitufe cha kulia, Activate Server. Ikiwa seva haina intaneti chagua njia ya tovuti, utafanyia kwenye kompyuta nyingine.
3. Hapo hapo, Install Licenses. Chagua aina ya ununuzi sawasawa na ankara. Leseni ya kifurushi inataka herufi 25. Ya mkataba inataka namba za mkataba. Ukichagua aina isiyo yako itakataa namba iliyo halali kabisa. Chagua toleo 2022, aina Per Device, idadi 6.
4. Fungua `gpedit.msc`, nenda Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Remote Desktop Services, Remote Desktop Session Host, Licensing. Washa sera mbili: ile ya kutaja seva za leseni (andika jina la seva yako) na ile ya kuweka hali ya leseni (chagua Per Device).
5. `gpupdate /force`, kisha fungua `lsdiag.msc`.

Hatua ya 4 ndiyo inayosahaulika. Leseni zinakuwa zimeingizwa, `licmgr` inazionyesha, lakini Session Host haijaambiwa iziombe wapi. Ndiyo maana `lsdiag.msc` ni lazima. Juu kabisa itakuambia idadi ya leseni zinazopatikana kwa wateja. Ikisoma 0, chini yake kuna orodha ya matatizo yenye maelezo ya kila moja. Usiondoke ofisini mpaka isome 6 na orodha ya matatizo iwe tupu.

Ujue pia jinsi Per Device inavyogawa. Kifaa kikiingia mara ya kwanza kinapewa leseni ya muda ya siku 90. Kikirudi mara ya pili kinapewa ya kudumu, ambayo kwa kweli ina tarehe ya kuisha kati ya siku 52 na 89 na inajihuisha yenyewe kifaa kikiendelea kuingia. Matokeo yake ni kwamba upungufu hauonekani mapema. Mtu wa Geita akiingia kwa simu yake usiku, simu nayo inapewa ya muda, kila kitu kinakwenda vizuri hadi siku 90 ziishe, ndipo inakataliwa. Unaweza kuirudisha leseni kutoka kwa kifaa kilichokufa kwa Revoke License kwenye `licmgr`, lakini ni asilimia 20 tu ya leseni za toleo hilo kwa kipindi kimoja. Kwa leseni 6 hiyo ni moja.

Kompyuta moja ikigoma wakati nyingine zinaingia, shida mara nyingi iko kwenye kompyuta hiyo. Ifute `HKLM\SOFTWARE\Microsoft\MSLicensing` (hifadhi nakala kwanza), kisha fungua `mstsc` kwa Run as administrator mara moja ili iandike upya. Ukiifungua kawaida haitakuwa na ruhusa ya kuandika hapo na utadhani dawa haikufanya kazi.

---

kazi_kazi_tz

Naomba kutofautiana kidogo na mkuu hapo juu kuhusu workgroup. Watu 32, matawi mawili, dawa zinazofuatiliwa kwa namba za toleo, halafu kila kompyuta ina nywila yake? Wekeni domeini. Standard imeshawapa mashine pepe mbili: ya kwanza iwe domain controller (seva inayoendesha domeini) pamoja na mafolda, ya pili iwe Session Host na programu ya stoo. CAL 20 zile zile zinafunika mashine zote mbili, hazinunuliwi mara mbili. Session Host juu ya domain controller msiiweke. Watumiaji wa kawaida wanakuwa ndani ya mashine inayoshika nywila za kampuni nzima.

Na mkishakuwa na domeini, RDS Per User 8 ni bora kuliko Per Device 6. Meneja wa tawi ataingia kwa simu, mtake msitake. Leseni mbili za ziada zinawaondolea kesi hiyo upande wa RDS, ila meneja huyo mpeni pia User CAL ya kawaida, maana Device CAL ya kompyuta ya tawi haifuniki simu yake.

Kwa CAL za kawaida nakubaliana na mchanganyiko wa 12 na 8. Wanaoshauri "nunua User zote iwe rahisi" wanakulipisha leseni 10 za watu wa kaunta ambao hawatoki mbele ya zile kompyuta 4.

---

mlinzi_wa_rack

Kwenye domeini sina ubishi, ni bora. Nilijibu kwa mazingira aliyoyaeleza. Akiweka domeini, nami ningechukua Per User 8. Akumbuke tu kuongeza seva ya leseni kwenye kundi la Terminal Server License Servers ndani ya Active Directory, la sivyo ripoti ya matumizi ya Per User haitajazwa.

---

stoo_mwanza

Tunakwenda na domeini basi. Maswali mawili ya mwisho. Muuzaji sasa amegeuka, anasema tuchukue Essentials kwa kuwa haina CAL kabisa. Na je, tununue CAL za 2022 au 2025?

---

dada_wa_mitambo

Essentials haidai CAL, kweli, lakini mwisho wake ni watu 25 na vifaa 50. Ninyi ni 32. Na hata mngekuwa 20, haikubali kugeuzwa seva ya vikao vya Remote Desktop kwa wafanyakazi. Matawi yangebaki nje. Ni bidhaa nzuri kwa ofisi ya watu 10 inayotaka mafolda na nakala rudufu tu.

Matoleo: CAL inafungua seva ya toleo lake au ya zamani zaidi, haifungui ya mbele. CAL ya 2025 inaingia 2022 bila shida. CAL ya 2022 haiingii 2025. Kinachowaponza watu ni kupandisha seva moja tu. Ukisimika domain controller ya 2025, kila anayeingia kwenye kompyuta yake asubuhi anathibitishwa na hiyo mashine, kwa hiyo CAL zote 20 zinakuwa zimepitwa siku hiyo hiyo, hata kama mafolda yamebaki kwenye 2022. Kama bei zinakaribiana, chukua CAL za kawaida za 2025.

RDS CAL usizitendee hivyo hivyo bila kuuliza. Seva ya leseni ya 2022 haipokei RDS CAL za 2025. Inazikataa wakati wa kuingiza. Na kinyume chake, RDS CAL ya 2019 haihudumii Session Host ya 2022. Nunua toleo linalolingana na Session Host, au upate kwa maandishi kwamba ununuzi wako unaruhusu kushushwa toleo na nani atakayetoa namba za toleo la chini.

Neno moja juu ya SQL Express, maana litawafikia. Hadi toleo la 2022, kila hifadhidata inakomea GB 10, na kumbukumbu inayotumia kuhifadhi data kwa muda ni MB 1410, hata seva iwe na GB 64. Faili la logi halihesabiwi kwenye hizo 10. Ikijaa, utaona kosa namba 1827 na kaunta zitashindwa kuhifadhi mauzo, ingawa kusoma kunaendelea. Angalia ukubwa kila mwezi kwa `sp_spaceused`. Ikifika GB 7 au 8 anza kuuliza muuzaji wa programu namna ya kuhamisha miaka ya nyuma kwenye hifadhidata nyingine. Kama haiwezekani, ngazi inayofuata ni SQL Server Standard, na hapo CAL zinaanza upya: ama leseni ya seva pamoja na SQL CAL kwa kila anayeifikia, mawakala wa simu wakiwemo, ama leseni ya viini isiyohesabu watu, ambayo kiwango chake cha chini ni viini 4. Kwa idadi yenu piga hesabu zote mbili kwa bei halisi. Mchanganyiko wa User na Device unasaidia hapo pia.

---

kazi_kazi_tz

Profoma iombwe upya ikiwa na mistari hii, kila mmoja na bei yake, majina yakiwa kamili na toleo limetajwa:

Windows Server 2022 Standard, viini 16, 1.
Windows Server 2025 User CAL, 12.
Windows Server 2025 Device CAL, 8.
Windows Server 2022 RDS User CAL, 8.

Akiandika "CAL 20" bila kutaja User au Device, au "leseni za remote" bila toleo, mrudishie. Ankara ndiyo hati mtakayoitoa ukaguzi ukija, na maneno yaliyoandikwa pale ndiyo mnayomiliki. Muulize pia chuma kimekuja na leseni ya OEM (iliyouzwa pamoja na chuma) au ya kununuliwa kando: ya OEM inakufa na seva hiyo, haihamishwi kwenye chuma kingine. CAL zenyewe hazifungwi na seva yoyote.